Maduka madogo London yanavyohimili vishindo vya supamaketi

Wauza miavuli, kahawa na jibini wana la kuwafunza wakulima na wachuuzi

MTU anayetembea katikati ya jiji la London haendi mbali kabla ya kukutana na supamaketi. Kampuni kubwa kama Tesco na Sainsbury's zimefungua matawi madogo hadi kwenye mitaa ya ndani, na bei zao si rahisi kwa muuza duka wa kawaida kuzishusha.

Hata hivyo, katika mitaa hiyo hiyo yapo maduka ya watu binafsi na ya familia ambayo yamedumu kwa zaidi ya miaka 100, na mengine zaidi ya 300. Hayana mtaji wa kupambana na wakubwa kwa bei. Yanachofanya ni kuuza bidhaa chache, kuzijua kwa undani, na kumweleza mteja ukweli kuhusu kile anachonunua.

Mfano mmoja ni duka la James Smith & Sons lililoko New Oxford Street. Biashara hiyo ilianzishwa mwaka 1830 na imekuwa katika jengo hilo tangu mwaka 1857. Kazi yake ni moja: miavuli, pamoja na bakora na fimbo za kutembelea. Mwavuli wa bei poa unapatikana kila kona ya London, lakini anayenunua fimbo hapa hupimwa na fimbo hukatwa kulingana na urefu wake. Huduma hiyo haipatikani kwenye rafu ya supamaketi, na ndiyo inayomfanya mteja akubali kulipa zaidi.

Mizani iliyojenga jina

Mfano wa pili ni Berry Bros. & Rudd, wauza mvinyo wa mtaa wa St James's. Duka hilo lilifunguliwa mwaka 1698 na mwanamke mjane anayekumbukwa kwa jina la Bourne. Wakati huo halikuwa duka la mvinyo, bali la kahawa na viungo, na alama yake ya mlangoni ilikuwa kinu cha kusagia kahawa.

Ndani yake kulikuwa na mizani kubwa ya kupimia mizigo ya kahawa. Kuanzia mwaka 1765, wateja nao walianza kupimwa uzito juu ya mizani hiyo na uzito wao kuandikwa kwenye daftari. Miongoni mwao alikuwamo mshairi Lord Byron. Mizani ipo hadi leo, na biashara bado imo mikononi mwa familia za Berry na Rudd, ingawa bidhaa zimebadilika.

Kwa mfanyabiashara wa mazao, hapa pana jambo la kuzingatia. Watu wenye vyeo na fedha walikubali kupanda juu ya mizani ya duka kwa sababu waliiamini. Mnunuzi anayechezea mizani sokoni, au anayemlazimisha mkulima kufunga lumbesa, hupata faida ya msimu mmoja na kupoteza jina la miaka mingi.

Jibini yenye jina la mkulima

Duka linalowahusu wakulima moja kwa moja zaidi ni Neal's Yard Dairy, lililoanza mwaka 1979 katika eneo la Covent Garden. Linauza jibini za Uingereza na Ireland zinazotengenezwa na wazalishaji wadogo, wengi wao mashambani.

Jibini za aina hiyo zilikuwa zimekaribia kupotea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ilielekeza maziwa yatumike zaidi kutengeneza jibini ngumu ya aina moja kwa ajili ya mgawo wa chakula. Mgawo ulipokwisha mwaka 1954, wakulima wengi walikwishaacha kutengeneza jibini zao za asili, na viwanda vikubwa vilikuwa vimeshika soko.

Randolph Hodgson, aliyeliongoza duka hilo kwa miaka mingi, alianza kuzunguka mashambani, kuonja jibini na kuchagua mwenyewe zile alizotaka. Dukani aliweka wazi jina la mzalishaji na mahali jibini ilikotoka. Mteja huonjeshwa kabla ya kununua, na anachosema humrudia mkulima. Kabla ya kuuzwa, jibini huhifadhiwa na kukomazwa chini ya matao ya reli katika eneo la Bermondsey, hivyo duka nalo linaongeza thamani badala ya kupokea na kupandisha bei tu.

Uhusiano huo ulipimwa vikali mwaka 2024. Mtu aliyejifanya wakala wa jumla wa kampuni kubwa ya maduka ya Ufaransa aliagiza jibini aina ya Cheddar iliyofungwa kwa kitambaa. Mzigo ulipelekwa, na baadaye ikabainika kuwa ni utapeli. Zaidi ya mapande makubwa 950, yenye uzito wa tani 22 na thamani ya takriban pauni 300,000, yakawa yamekwenda.

Jibini hiyo ilitoka kwa wazalishaji watatu: Hafod wa Wales, na Westcombe na Pitchfork wa Somerset. Neal's Yard Dairy iliwalipa wote watatu fedha zao kamili na kubeba hasara yenyewe.

Mkulima yeyote aliyewahi kutoa mazao kwa mali kauli anajua kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume. Dalali akitapeliwa mjini, hasara hurudi kijijini. Tukio hilo linaonyesha mambo mawili. Kwanza, jina kubwa la mnunuzi si dhamana: mwenye mzigo mkubwa anapaswa kuthibitisha oda na kampuni yenyewe, na kuupeleka kwa awamu kadiri malipo yanavyoingia. Pili, mnunuzi wa kweli hujulikana siku ya hasara.

Kahawa ya Afrika Mashariki

Maduka ya aina hii yanagusa pia mashamba ya Afrika Mashariki. Algerian Coffee Stores, lililoanzishwa mwaka 1887 katika mtaa wa Old Compton eneo la Soho, na Monmouth Coffee, lililoanza mwaka 1978 katika Covent Garden, yote huuza kahawa kwa kutaja ilikotoka.

Kahawa inayoingia kwenye kiwanda kikubwa huchanganywa na ya nchi nyingine, na jina la kijiji hupotea. Mkaangaji mdogo anaweza kununua magunia machache ya kilo 60 na kuyauza peke yake, akitaja nchi, wilaya na hata chama cha ushirika. Hapo ndipo kazi ya mkulima aliyechuma buni nyekundu tu na kuianika vizuri inapoonekana.

Lakini mkaangaji hawezi kuandika jina ambalo hakupewa. Kama chama cha ushirika kinachanganya kahawa nzuri na mbaya, au hakitunzi kumbukumbu za kila mzigo, ubora hupotea kabla meli haijang'oa nanga.

Pango ni adui

Ujuzi na uaminifu havitoshi peke yake. Arthur Beale, duka la kamba na vifaa vya mashua katika Shaftesbury Avenue, lilikuwa na historia inayotajwa kurudi nyuma karne kadhaa. Mwaka 2021 lilifunga mlango wake mtaani hapo, baada ya janga la korona kulikuta likiwa katika eneo ambalo kodi ya pango iko juu.

Kwa hiyo muuza duka anayeanza afanye hesabu ya pango kabla ya kununua rafu. Mkataba wa miaka kadhaa ulioandikwa ni bora kuliko ahadi ya mdomo, hasa pale ambapo biashara ikianza kuchangamka mwenye nyumba naye hupandisha kodi.

Kwa wakulima, la kuanza nalo halihitaji mtaji mkubwa. Asali, mchele, kahawa au viungo vya msimu huu vinaweza kutengwa kwa daraja, kupimwa kwa mizani sahihi, na kufungwa na karatasi inayotaja kijiji, kikundi na tarehe ya mavuno. Muuza duka naye aruhusu mteja aonje, kisha maoni ya mteja yamfikie mkulima kabla ya msimu unaofuata.