Afande, Mimi ni Mzigo



Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya ulimwengu tena. Wakubwa wamekwisha kuandika taarifa nyingi juu ya maradhi hayo, na kila taarifa ina majedwali yake. Sisi tuliokuwa tukishika zamu barabarani hatuna majedwali. Tunavyo vichekesho, na tunayo mambo mawili matatu ambayo si vichekesho hata kidogo, nasi tumeona si vema yakapotea bila kuandikwa.

Mtakumbuka jinsi amri zilivyofuatana hapa Uganda, moja haijapoa mdomoni nyingine imekuja. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Siku ya pili yake akatangazwa mgonjwa wa kwanza, abiria aliyetua Entebbe akitokea Dubai. Tarehe 25 taksi na mabasi yakaamriwa kusimama, na bodaboda zikakatazwa kubeba watu. Tarehe 30 magari ya watu binafsi nayo yakapigwa marufuku, na ikatangazwa kwamba kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtu asionekane nje. Mtu asionekane na nani? Na sisi, bila shaka. Basi tukapanga mapipa na magogo barabarani, tukasimama kuwangojea wasioonekana.

Ikumbukwe kwamba bodaboda haikukatazwa kutembea. Ilikatazwa kubeba abiria, lakini mzigo iliruhusiwa. Hapo ndipo mwananchi wa Uganda alipoonyesha kwamba sheria ikiwa na tundu dogo kama la sindano, yeye hupita na pikipiki. Jioni moja ilitufikia pikipiki ambayo nyuma yake aliketi bwana mmoja mnene, amepakata mkungu wa matoke.

“Huyu ni nani?” akauliza koplo wetu.

“Mzigo, afande,” akajibu dereva.

“Mzigo unapumua?”

“Unapumua kidogo tu, afande.”

“Mzigo wa nani?”

Hapo mzigo wenyewe ukafungua kinywa kwa heshima kubwa, ukasema, “Afande, mimi ni mzigo wa mke wangu. Mpigie simu umuulize, atakuthibitishia.”

Koplo alifikiri kwa muda, kisha akatoa hukumu ambayo hadi leo haijakatiwa rufani: kwamba mzigo usio na risiti ni magendo, na magendo hushushwa. Bwana yule akashuka, akajitwisha mkungu wake kichwani, akaenda zake kwa miguu huku akilalamika kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mzigo unaobeba mzigo.

Wengine walikuwa wagonjwa. Hatujapata kuona taifa lenye wagonjwa wengi kama lilivyokuwa taifa letu kila siku ifikapo saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni. Kila mfuko wa shati ulikuwa na karatasi ya daktari. Yuko bwana mmoja aliyepita kwetu kwa majuma matatu na karatasi ile ile, hata jasho likafuta tarehe, likafuta jina la dawa, ikabaki sahihi peke yake. Tulipomwambia kwamba karatasi yake imekufa kabla ya mgonjwa, alicheka, nasi tukacheka, kisha akarudi nyumbani. Kicheko kile kilifanya kazi ambayo fimbo isingeiweza, na jambo hilo tutalirudia hapa chini.

Kuhusu barakoa, afadhali tujiseme wenyewe kwanza. Zilipofanywa kuwa lazima mwezi Mei 2020, tuliwakagua wananchi kwa ukali, na mara nyingi mkaguzi mwenyewe ilikuwa imemning’inia kidevuni kama ndevu za beberu. Palikuwa na nyumba ambapo barakoa moja ilitumikia watu watano: aliyekwenda sokoni aliivaa, akirudi alimvika aliyekwenda kisimani. Waliofika kizuizini bila barakoa waliiazima kwa aliyekwisha kupita, naye akairusha juu ya vichwa vyetu kama mpira wa kona. Sijui kirusi kilitazamaje mchezo ule, lakini kwa hakika hakikuchoka kusafiri.

Katika mambo ya salamu jeshi lilikuwa mbele ya dunia nzima. Raia walipofundishwa kuacha kupeana mikono, walihangaika sana: wengine waligonganisha viwiko, wengine miguu, wengine waliinama mpaka miwani ikaanguka. Sisi tuna saluti. Huigusi ngozi ya mtu, humpumulii, na hukaa mbali kadiri ya cheo chake. Hata ule umbali wa mita mbili haukutusumbua, kwani mkufunzi wetu chuoni, tulipokuwa makadeti, alikuwa akitupanga kwa nafasi hiyo hiyo, kwa maneno makali zaidi ya yale ya Wizara ya Afya. Na mwezi Aprili 2020, Rais Museveni, akiwa na umri wa miaka 75, alipoonekana katika video akikimbia ndani ya ofisi yake na kujiinua kwa mikono mara 30, wakufunzi wa mazoezi makambini walipata silaha mpya. Kuruta akilalamika kwamba mgongo unamuuma, aliulizwa swali moja tu: “Wewe una miaka mingapi?”

Mwezi huo huo wa Aprili ulianza ugawaji wa chakula Kampala na Wakiso: kila mtu kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage, pamoja na chumvi. Askari ndio waliobeba magunia nyumba kwa nyumba. Kazi ile ilitufundisha hesabu mpya. Nyumba ambayo Jumamosi ilikuwa na watu wanne, Jumatatu gunia lilipofika mlangoni ilikuwa na kumi na mmoja. Watoto walihesabiwa mlango wa mbele, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakabadilishana mashati, wakahesabiwa tena. Sajini mmoja aliyepata kuwa mwalimu alimshika mtoto mmoja mara ya tatu, akamwuliza jina. Mtoto akasahau alilotaja mara ya kwanza na ya pili, akamtazama mama yake amkumbushe. Mama akatazama chini. Sajini akaandika jina la tatu, akapima unga. Tulipomwuliza baadaye kwa nini, alisema kwamba alichungulia ndani akaona sufuria, na sufuria ilikuwa imegeuzwa juu chini, kavu, na buibui amekwisha kuanza kazi ndani yake. Taarifa ya siku ile haikutaja buibui.

Shule tuzipitie upesi, maana ni jambo zito kuliko karatasi hii. Zilifunguliwa nusunusu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa wote hata 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili, muda ambao haukufikiwa na nchi nyingine duniani. Wanafunzi wapatao milioni 15 walikaa nyumbani. Walimu tuliowafahamu walikaanga chapati kando ya barabara, wakatusalimu kwa haya. Wavulana waliondoka darasani wakiwa wafupi wakarudi wakiwa na sauti nzito. Na wako wasichana waliorudi wakinyonyesha, kwani serikali iliwaruhusu, na wako wasiorudi. Sisi wenye mabinti katika kota za kambi hatuna kichekesho kwa habari hiyo.

Mwaka 2021 ulileta wajanja wa aina nyingine. Wakati chanjo ya serikali inatolewa bure, walitokea watu waliowachoma wenzao chanjo za uongo kwa fedha. Zaidi ya watu 800 walidanganyika, na baadhi ya vichupa vilivyopimwa vilionekana kuwa na maji. Maji! Mtu anapanga foleni, anatoa kitita, anakunja shati, anauma meno, na kilichoingia mkononi mwake ni kile kile anachooshea sahani. Askari polisi waliokuwa wakifuatilia wezi wa ng’ombe wakajikuta wanafuatilia wauza maji ya sindano.

Sasa turudi kwenye fimbo, kama tulivyoahidi.

Hakuna faida ya kuficha jambo ambalo kila mwananchi analijua. Katika majuma yale ya kwanza wako wenzetu waliofikiri kwamba kirusi hufukuzwa kwa kiboko. Wachuuzi wanawake walichapwa Kampala mchana kweupe, picha zikaenea, na mwisho wa Machi 2020 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali David Muhoozi, akaomba radhi hadharani. Huko Elegu, wilaya ya Amuru, wananchi, wengi wao wanawake, walipigwa usiku, na baadhi ya askari waliohusika wakafikishwa mahakamani. Sisi ambao kazi yetu ni kulisemea jeshi kwa wananchi tulijua siku zile maana ya kuwa na kinywa kisicho na la kusema. Unaweza kuandaa mikutano ya waandishi kumi na kupaka rangi zahanati kumi. Picha moja ya mama aliyeanguka na ndizi zake inafuta yote kabla ya saa sita.

Na kuna jambo ambalo askari vijana hawakufundishwa, na tuna hofu bado hawafundishwi. Tulilijua usiku mmoja wa Aprili 2020 katika barabara ya vumbi nje ya Kampala. Ilikuwa yapata saa tatu. Mwanga wa tochi ukamwonyesha mzee akisukuma baiskeli, juu ya kibebeo ameketi binti yake ambaye uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika, na nyuma yao bibi kizee amebeba beseni na karatasi ya plastiki ya kujifungulia. Gari la kukodi halikuwako, bodaboda ilikataa, na kibali kilikuwa cha kuombwa ofisini, ofisi imefungwa. Siku zile wako wanawake waliokufa njiani kwa sababu hiyo hiyo, magazeti yaliandika.

Koplo wetu, yule wa magendo, hakungoja amri. Kijana mwema, amezaliwa miaka ya tisini. Alikimbilia gari letu la doria, akafungua mlango wa nyuma, akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyepata nafasi ya kutenda wema:

“Mzee! Panda gari!”

Mzee akaiachia baiskeli. Bibi ndiye aliyemdaka binti. Mzee akapiga magoti vumbini, akaweka mikono kichwani, akaanza kusema kwa Kiganda kwamba yeye hana kosa, hana bunduki, wanawake hawa waachwe waende, yeye peke yake anatosha.

Koplo alituangalia. Alidhani mzee ana wazimu. Ni sajini, aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyeelewa, akashusha tochi yake chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari wa serikali ya wakati ule walikuwa wakizingira mitaa ya Kampala na vijiji vya pembeni alfajiri, wakawatoa watu majumbani, wakawapakia malorini. Wananchi waliziita operesheni zile “panda gari”, kwa kuwa ndilo neno walilolisikia. Wako waliorudi, na wako ambao ndugu zao wanawangojea hadi leo. Kwa mzee yule maneno mawili ya Kiswahili fasaha hayakuwa na maana nyingine. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nasi tulishangilia, kwani ndiyo lugha ya kambi zetu. Lakini sisi askari ndio tuliokifundisha kwanza, kwenye vizuizi vya barabarani, kwa sauti ya juu, na wanafunzi wetu wa wakati ule hawajasahau somo.

Sajini alimwinua mzee, akazungumza naye kwa Kiganda, taratibu. Mzee alisikiliza, kisha akatoa sharti lake. “Afande wenu huyu apande kwanza,” akasema, akituonyesha sisi. “Akae ndani, huko mwisho kabisa.”

Tukapanda. Tukakaa huko mwisho kabisa, tumepakata beseni. Binti akaingizwa, bibi akaingia, na mzee akaingia wa mwisho, akaketi mlangoni mguu mmoja nje. Kabla gari halijaondoka aliomba kalamu, akaandika namba ya gari kwenye kiganja chake, akatuuliza majina yetu mmoja mmoja, akayaandika pia. Hakuna aliyekataa. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya saa saba za usiku.

Asubuhi mzee alirudi kizuizini kwa miguu kuifuata baiskeli yake, kiganja bado kina wino. Baiskeli ilikuwapo, imeegemezwa kwenye pipa, lakini gurudumu la nyuma halikuwa na upepo. Mzee akaligusa kwa kidole, akatutazama kwa muda mrefu. Koplo akamwambia kwamba lilikuwa hivyo tangu usiku, yeye hakuligusa, kisha akageuka akawauliza wenzake, “Pampu iko wapi?”