Lawalawa, Leza na Kanuni ya Ulinganisho

Katika Mkoa wa Singida na sehemu za mkoa jirani wa Dodoma, neno lawalawa lafahamika kwa wazee na vijana. Hutumika kutaja maradhi ya sehemu za siri yanayowapata hasa watoto wachanga na wasichana wadogo: mwasho, wekundu, vipele, uvimbe, majimaji yasiyo ya kawaida na maumivu wakati wa kukojoa. Pamoja na jina hilo ipo imani kwamba maradhi hayo hayana dawa hospitalini, na kwamba tiba yake ni moja tu, yaani ukeketaji.

Mbali na Singida, katika miji mikubwa ya Marekani, Ulaya na Australia, wanawake wa makamo walianza katika miaka ya 2010 kuuziwa tiba nyingine ya sehemu hizo hizo. Tiba hiyo ilifanywa kwa mwanga wa leza, na walioitangaza walidai kwamba huondoa ukavu na maumivu yanayowapata wanawake wengi baada ya kukoma hedhi.

Wembe wa ngariba na mashine ya leza ni vitu visivyofanana hata kidogo. Mwanamke mzima huiendea leza kwa hiari yake, ambapo mtoto mchanga hana hiari yoyote mbele ya wembe. Hata hivyo swali moja la kisayansi lazihusu tiba zote mbili: mgonjwa akipata nafuu baada ya kutibiwa, itajulikanaje kwamba ni tiba hiyo iliyomponya?

Leza ni mwanga wa namna gani?

Mwanga wa taa ya kawaida ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali yanayosambaa kila upande. Leza ni tofauti. Katika mwaka wa 1917 Albert Einstein alieleza kwamba atomi iliyokwisha kupewa nguvu ya ziada yaweza kuchochewa na mwanga unaopita karibu nayo, ikatoa mwanga mwingine ulio sawa na ule wa kwanza kwa urefu wa wimbi na kwa mwelekeo. Mwanga huo nao huchochea atomi nyingine, hata ukapatikana mwali mwembamba wenye nguvu nyingi. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwezi Mei, 1960.

Katika mwaka wa 1964 Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, alitengeneza leza inayotumia gesi ya kaboni dioksidi. Mwali wake hauonekani kwa macho, kwa kuwa urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6. Mawimbi ya urefu huo hunyonywa kwa wingi na maji. Kwa kuwa sehemu kubwa ya tishu laini za mwili ni maji, nguvu ya mwali huishia katika tabaka jembamba sana la juu; maji yaliyomo huchemka mara moja na tishu hiyo hugeuka mvuke. Mwanafunzi aliyewahi kukusanya miale ya jua kwa lenzi hata karatasi ikaungua ameona jambo linalokaribiana na hilo.

Madaktari waliitumia leza hiyo tangu miaka ya 1970 kuondoa seli za mlango wa kizazi zilizoanza kubadilika kuelekea saratani. Hapo kazi yake ilikuwa wazi: seli zilizoharibika zilionekana, zikachomwa, zikaisha. Wazo la baadaye lilikuwa tofauti. Ilidhaniwa kwamba leza ikichoma vitundu vidogo sana katika ukuta wa uke, mwili utavitibu kwa kujenga tishu mpya, na ukavu utaondoka.

Utando mmoja katika umri tofauti

Ili kulipima wazo hilo, na vilevile kuielewa lawalawa, yafaa kufahamu utando unaofunika ukuta wa uke. Unene wa utando huo hutegemea homoni iitwayo estrojeni, itokayo hasa katika ovari. Katika umri wa kuzaa homoni hiyo ni nyingi, na utando huwa mnene wenye akiba ya sukari. Bakteria rafiki huitumia sukari hiyo na kutengeneza asidi ya maziwa, ile ile inayoyachachusha maziwa katika kibuyu. Kwa sababu hiyo pH ya mahali hapo huwa kati ya 3.8 na 4.5, na vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kustawi.

Hali haiwi hivyo katika ncha mbili za maisha. Mwanamke akikoma hedhi estrojeni hupungua, utando huwa mwembamba, asidi hupungua, na ukavu hufuata. Msichana ambaye hajabalehe naye hana estrojeni ya kutosha: utando wake ni mwembamba, asidi ni kidogo, na ngozi yake huchubuka na kushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Kwa hiyo matatizo ya bibi na ya mjukuu yana asili inayokaribiana.

Mtoto mchanga ana jambo lake la pekee. Huzaliwa akiwa na estrojeni aliyoipata kwa mama yake tumboni. Homoni hiyo inapopungua katika siku za kwanza, mtoto wa kike aweza kutoa ute mweupe, au hata matone machache ya damu. Jambo hilo si ugonjwa, nalo huisha lenyewe baada ya muda mfupi. Mzazi asiyelijua hilo aweza kusadiki kwamba ameiona lawalawa.

Jaribio la Sydney

Wanawake wengi waliotibiwa kwa leza walisema wamepata nafuu, na matangazo yakaongezeka. Mwezi Julai, 2018, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilionya kwamba usalama na manufaa ya vifaa hivyo kwa kazi hiyo havijathibitishwa, na kwamba vimeripotiwa kuunguza, kuacha makovu na kuleta maumivu ya muda mrefu.

Hatimaye jaribio lililolinganishwa vyema lilifanyika Sydney, Australia, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2021. Wanawake 85 waliokoma hedhi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa leza ya kweli mara tatu. Kundi la pili lilifanyiwa kila kitu vilevile, isipokuwa nguvu ya mashine ilikuwa ndogo mno kuweza kutibu. Wanawake hao hawakujua wamo katika kundi gani. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu kiasi, na haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Vipande vya tishu vilivyotazamwa kwa hadubini navyo havikuonyesha kwamba leza imeujenga utando.

Basi wale waliosema wamepata nafuu hawakusema uongo. Nafuu ilikuwapo, kosa lilikuwa katika kuitaja sababu yake. Mgonjwa huitafuta tiba pale hali inapokuwa mbaya zaidi, na maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe. Aidha, kuangaliwa na kupewa matumaini hubadili namna mtu anavyoyahisi maumivu. Bila kundi la ulinganisho, nafuu yote hiyo ingeandikwa kwa jina la leza.

Lawalawa katika mizani hiyo hiyo

Watafiti wameeleza kwamba imani ya kuifunga lawalawa na ukeketaji ilipata nguvu katika Singida baada ya serikali kuanza kuukataza ukeketaji, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maradhi ya watoto yalichukuliwa kuwa ghadhabu ya mizimu kwa mila iliyoachwa. Watoto waliokeketwa walipopona, imani ilionekana kuthibitika.

Lakini ushahidi huo una chumba kimoja tu kati ya vinne. Kila anayetaka kujua kama tiba inaponya hana budi kuwahesabu waliotibiwa wakapona, waliotibiwa wasipone, wasiotibiwa wakapona, na wasiotibiwa wasipone. Mazungumzo ya kijijini hukumbuka chumba cha kwanza. Mtoto aliyepona bila wembe hasimuliwi, na aliyefariki baada ya wembe husemwa kuwa amekufa kwa sababu nyingine.

Hakuna ruhusa ya kufanya jaribio la kukeketa watoto, wala halihitajiki, kwa maana ulinganisho umekwisha kufanywa na nchi yenyewe. Katika mikoa kama Kigoma na Kagera, ambako ukeketaji karibu haupo, wasichana wadogo nao hupata mwasho, vipele na maumivu ya mkojo. Wao hupona kwa usafi na kwa dawa za kawaida.

Madhara ya wembe nayo yapimwe kwa hesabu. Mwili wa mtoto mchanga una takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 3 ana mililita 240 tu, kiasi kisichojaza chupa moja ya soda. Damu ambayo mtu mzima asingeijali kuipoteza yaweza kumwua mtoto huyo. Kidonda pia hufungua njia ya pepopunda na vijidudu vingine. Akikua, hatari humfuata katika uzazi: uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka wa 2006, uliowahusu wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba waliokeketwa walipata zaidi matatizo ya kutokwa damu na ya kujifungua kwa upasuaji, na watoto wao walikufa zaidi.

Sababu za kweli na tiba zake

Lawalawa si ugonjwa mmoja. Ni jina moja lililopewa maradhi kadhaa, na kila moja lina dawa yake. Mwasho wa usiku mara nyingi huletwa na minyoo wadogo weupe wanaotoka kutaga mayai. Vidonge vya minyoo huwamaliza. Maumivu ya mkojo huchunguzwa kwa kipimo cha mkojo na kutibiwa kwa dawa za kuua bakteria. Vipele vya unyevunyevu na fangasi hupona kwa malhamu na kwa kuweka ngozi katika hali ya ukavu. Sabuni kali huchubua, hivyo maji safi peke yake yatosha. Majimaji yasiyokoma yanataka uchunguzi wa daktari, kwa kuwa yaweza kuletwa na kitu kilichoingia ndani, na mara nyingine ni dalili kwamba mtoto amedhulumiwa.

Hali ya nchi nayo ina sehemu yake. Singida imo katika ukanda mkavu wa kati wenye msimu mmoja wa mvua. Malambo yanapokauka, maji yaliyotekwa mbali hutumika kwanza kwa kunywa na kupika, na kuosha watoto hungoja. Kwa hiyo kisima karibu na kijiji ni sehemu ya tiba ya lawalawa.

Sheria ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Tafiti za kitaifa zaonyesha kwamba katika Singida wanawake waliokeketwa, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 31 mwaka 2015–16, na asilimia 20 mwaka 2022. Lakini hofu ya lawalawa yaweza kuupeleka wembe kwa siri hadi kwa watoto wachanga, mahali ambapo macho ya sheria hayafiki upesi. Mama mwenye mtoto anayelia usiku hutafuta dawa. Akielezwa sababu ya kilio hicho, na zahanati ikiwa na dawa yake, haja ya kumwendea ngariba huondoka.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wachague tiba moja ya mafua inayosifiwa nyumbani kwao. Wachore jedwali la vyumba vinne kama ilivyoelezwa hapo juu, kisha wawaulize watu 20 na kujaza kila chumba. Mwalimu aongoze majadiliano: ni chumba kipi kilichokuwa kigumu kujazwa, na kwa nini?