Kisu cha Kukunja na Kile Kinachokizuia Kisijifunge

Katika vyombo vidogo ambavyo mtu huvitia mfukoni atokapo nyumbani, ni vichache vyenye kutumika kwa haja nyingi kama kisu cha kukunja, ambacho asubuhi hufungua gunia la mchele dukani, adhuhuri humenya chungwa, na jioni hukata kamba ya mzigo uliofungwa juu ya baiskeli. Walakini aghalabu wanunuzi hutazama wingi wa vyuma vilivyopachikwa ndani yake na mng'ao wa mpini, wakasahau kuuliza jambo ambalo kwa rai yangu ndilo la kwanza, nalo ni hili: kengee ikiisha kufunguliwa, ni kitu gani kinachoizuia isirudi ikavikata vidole vilivyoushika mpini?

Jibu la zamani ni kamani, yaani kipande cha chuma kinachonesa, kilicholazwa mgongoni mwa mpini, kikakandamiza shina la kengee. Karl Elsener, fundi wa Ibach katika nchi ya Uswisi, aliitumia kamani hiyo kwa akili nyingi katika kisu alichokisajili mwaka 1897, akaifanya ibebe vyombo vya pande mbili za mpini kwa pamoja, na vile visu vyekundu vinavyojulikana duniani kote ni wazao wa fikira hiyo. Kwa kukata kamani yatosha. Kwa kudunga haitoshi hata kidogo, kwa maana nguvu ikija kutoka upande wa mgongo wa kengee, kamani husalimu amri na kisu hujifunga.

Kwa hiyo mimi humwelekeza mnunuzi kwenye kisu ambacho hakina fahari yoyote machoni, nacho ni kile kiitwacho Opinel, kilichoanza kufuliwa takriban mwaka 1890 na Joseph Opinel, kijana wa milima ya Savoie, mashariki ya Ufaransa, ambaye baba yake alikuwa mhunzi wa mashoka na miundu. Mpini wake ni wa mti, kengee moja tu, na kipini cha chuma kinachoviunganisha. Na tangu mwaka 1897 visu hivyo vilitolewa kwa saizi zilizopewa nambari, kuanzia 1 hadi 12, ili kila mtu achague kwa kadiri ya kiganja chake. Nambari 8, ambayo kengee yake ni ya sentimita 8 na nusu, ndiyo iwafaayo watu wengi. Mwaka 1955 Marcel Opinel aliongeza pete ya chuma yenye mwanya, iliyovikwa shingoni mwa mpini: kengee ikiwa imefunguliwa, pete huzungushwa kwa kidole gumba mpaka mwanya ukahama na chuma kizima kikaziba njia, na hapo kengee haiwezi kurudi hata ikisukumwa. Hiyo ndiyo amani ninayoitaka katika kisu.

Ila yake ni mti. Masika yanapofika, au kisu kikiloweshwa, mpini hufura na kuibana kengee, kucha zisiweze kuivuta. Na watu wa Savoie wenyewe, wakiisha kuifungua pete, hugongesha kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, kengee ikachomoza. Bora kuliko hayo ni kukipangusa kisu kila kinapopata maji, na kukitia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo chake.

Chuma ni cha namna mbili. Feleji ya kawaida hunoleka upesi kwenye jiwe lolote, lakini embe na ndimu huitia weusi, na hewa ya chumvi huitia kutu. Ile isiyoshika kutu huhitaji subira zaidi katika kunoa, illa kwa mkaazi wa pwani ndiyo ningeishauri bila kusita.

Kisu kisichopata ni hatari kuliko kisu kikali, kwa kuwa mkono hulazimika kutumia nguvu, na nguvu ikiteleza haina mwelekeo. Yafaa kengee ilazwe juu ya jiwe kwa pembe ya digrii 20 hivi. Na asiye na kipimo na akunje kona ya karatasi iwe nusu, kisha nusu tena, apate digrii 22 na nusu, aitazame hiyo kila mara. Upande mmoja unolewe mpaka kidole, kikipitishwa polepole kutoka mgongoni kuelekea makali, kihisi ukwaruzi mwembamba upande wa pili. Ndipo kisu kigeuzwe. Kikikata ganda la nyanya iliyoiva bila kuibonyeza, kazi imekwisha. Makali hayo yasitumiwe kufungulia parafujo wala kubandulia vifuniko vya mikebe, na anayempa mwenziwe kisu akifunge kwanza.

Msafiri naye ajihadhari. Aghalabu visu havichukuliwi mkononi ndani ya ndege, basi kiwekwe katika sanduku la mizigo. Na huko Uingereza sheria ya mwaka 1988 humruhusu mtu kuchukua hadharani kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, lakini mahakama zimeamua kwamba kisu kinachojikaza wazi hakimo katika ruhusa hiyo, kwa hiyo pete ile ile ninayoisifu humpasa mwenyewe awe na sababu njema ya kuwa nacho barabarani, na asiye nayo akiache nyumbani.