Jihadhari, si kila ua la nyumbani ni salama kwa mtoto

IWAPO umebahatika kupata nafasi kidogo mbele ya nyumba yako, huenda tayari umepanda mawaridi mawili matatu na vichaka vya maua vya kupamba ukuta. Hilo ni jambo jema. Kulima na kupalilia ni mazoezi ya mwili, na maua huburudisha nafsi baada ya kazi ya kutwa.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Waridi huonyesha miiba yake waziwazi. Kuna maua mengine ambayo hatari yake haionekani, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwani hutia kinywani kila anachookota.

Kwanza, fahamu oleanda. Kichaka hiki chenye majani marefu membamba na maua meupe, mekundu au ya rangi ya waridi hupendwa kwa sababu hustahimili ukame. Sehemu zake zote, kuanzia mizizi hadi maua, zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Hata kikikauka sumu haitoki, kwa hivyo usitumie vijiti vyake kuchomea mishikaki wala matawi yake kama kuni. Kuna na jamaa yake mwenye maua ya manjano yenye umbo la kengele. Mbegu zake ni hatari mno.

Pili, kuna lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta na kunukia usiku. Anayelila hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, naye huanza kuweweseka.

Tatu, ukiwa na ua wa mnyaa, chunga utomvu wake mweupe. Ukiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha umwone daktari.

Je, ufanye nini mtoto akila mmea wenye sumu? Mwondolee mabaki kinywani, msukutue kwa maji, kisha mkimbize hospitalini hata kama bado anacheza. Beba tawi la mmea huo ili daktari aujue. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Vilevile, usikae nyumbani ukimpa maziwa kwa imani kwamba yatakata sumu. Saa unazopoteza ndizo zinazoweza kumwokoa.

Waridi nalo lina masharti yake. Vaa glavu unapolipogoa. Ukichomwa na mwiba, osha jeraha kwa sabuni na maji, na uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Lipande penye jua la kutosha, uache nafasi kati ya mashina, na umwagilie shinani asubuhi badala ya kulowesha majani. Hivyo utapunguza ukungu. Vidukari unaweza kuwaondoa kwa maji ya sabuni kabla ya kukimbilia dawa za wadudu. Ukilazimika kununua dawa, kamwe usiihifadhi katika chupa ya soda.

Kwa hivyo, kabla ya kununua mche wowote, uliza jina lake na kama una sumu. Tayari unao nyumbani na una watoto wadogo? Ung'oe, upande haibiskasi au asumini. Nyumba itapendeza vilevile, nawe utalala usingizi.