Je, Wajua? Mwinuko wa Yatta ulikuwa bonde!

Katangi, Machakos, iko katika eneo la Yatta, penye mmoja wa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani: takriban kilomita 300, hadi Tsavo.

Lava hiyo ilifuata bonde la kale yapata miaka milioni 13.5 iliyopita, ikaganda. Mmomonyoko ukala ardhi laini ya kandokando. Jiwe halikulika. Bonde likageuka mwinuko.

La ajabu zaidi ni hesabu. Mwaka 2010 watafiti walipima umbo na mteremko wa lava hii. Wakapata kwamba chimbuko lake lilikuwa angalau mita 1,400 juu ya bahari. Nyanda zetu za juu zilikuwa zimekwisha kuinuka!

Kabla ya hapo? Mabaki ya nyangumi aliyeishi miaka milioni 17 iliyopita yalipatikana Turkana, kilomita 740 kutoka pwani ya leo. Alipanda na mto, nchi ikiwa bado chini.