Maumivu ya nyonga baada ya kupona sumu ya kwekwe yasipuuzwe

Mtu aliyeponea sumu ya kuua kwekwe hutoka hospitalini akishukuru kwamba anapumua. Miezi kadhaa baadaye, pengine mwaka au zaidi, anaanza kuchechemea. Nyumbani watu husema ni uchovu wa shamba. Huenda mfupa wa nyonga umeanza kufa.

Dawa za magugu hutumika sana katika mashamba ya mpunga ya Ahero na Kano Magharibi, na ya miwa kuanzia Miwani hadi Muhoroni. Kati ya kemikali hizo, parakwati inaogopwa zaidi na madaktari. Haina dawa ya kuipinga mwilini, na huharibu figo na mapafu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007, na China ikasimamisha uuzaji wa ile ya maji mwaka 2016.

Kwa kukosa dawa hiyo, wahudumu hujaribu kuiondoa sumu kwa makaa maalum na kusafisha damu, kisha mara nyingi hutoa steroidi kwa viwango vikubwa ili kutuliza uvimbe wa mapafu. Hapo ndipo mifupa huingia. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa myembamba ya damu. Steroidi nyingi zinaweza kuvuruga mtiririko huo. Mfupa ukikosa damu hufa, halafu hubonyea chini ya uzito wa mwili. Madaktari wa China wameeleza hali hii kwa wagonjwa walioponea parakwati. Mara nyingi nyonga zote mbili huathirika.

Maumivu huanzia kwenye kinena au tako, na wakati mwingine husikika gotini, hivyo mgonjwa hupigwa picha ya goti na kuambiwa hana shida. Hata eksirei ya nyonga inaweza kuonekana safi mwanzoni. Kipimo cha MRI ndicho hugundua mapema. Ikigunduliwa mapema, mgonjwa hupunguziwa uzito kwa magongo, na daktari anaweza kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo la ndani. Mfupa ukishabonyea, mara nyingi hubaki nyonga bandia. Pombe nyingi huongeza hatari. Ugonjwa wa selimundu, ulioenea huku kando ya ziwa, nao huua mfupa huohuo, kwa hiyo mwenye selimundu ana sababu mbili za kuwahi.

Tatizo kubwa ni kimya. Wapo waliodhani ni soda kwa sababu dawa ilihifadhiwa kwenye chupa ya soda. Wengine waliinywa wakiwa katika dhiki, na huficha wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Daktari asiyejua historia hiyo hatafikiria nyonga.

Aliyewahi kutibiwa sumu ya kwekwe aende na barua yake ya kuruhusiwa hospitalini, aseme kama alipewa steroidi, na aombe rufaa ya kliniki ya mifupa akisikia maumivu yasiyoisha. Anayeendelea kutumia steroidi asiziache ghafla bila daktari. Mwenye mawazo ya kujidhuru anaweza kupiga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.