Baka Kichwani: Mise ya Rumonge na Mafuta ya Wahindi

Rumonge inanukia mawese. Anayetoka Bujumbura kuelekea kusini, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kulia, akishapita Magara na Minago hukutana na michikichi inayoshuka kutoka vilimani hadi karibu na maji. Anapofika mjini harufu imeshaingia kwenye nguo. Mawese hupikiwa, huuzwa, husafirishwa Bujumbura na kugeuzwa sabuni. Lakini kwa mambo ya nywele, watu wa ufukwe huu, kuanzia hapa hadi Kigoma upande wa pili wa mpaka, wana mafuta mengine wanayoyaamini zaidi, nayo ni ya mise.

Nyama ya chikichi ikishakamuliwa, kokwa huanikwa juani. Kisha mama huketi chini na kuzipasua kwa jiwe, moja baada ya moja, akitenga kifuu na kiini. Viini hukaangwa mpaka viwe vyeusi, vikatwangwa, vikachemshwa, na mafuta yakielea huenguliwa taratibu. Hutoka ya rangi ya kahawa iliyoiva, yenye harufu ya moshi ambayo kitambaa hakiiachi upesi. Ni kazi ya kutwa nzima kwa chupa chache. Watoto wachanga hupakwa, wasichana husukwa nayo, na mtu akitokewa na baka la upara kichwani, jirani wa kwanza atakayeliona atamwambia apake mise.

Baka hilo huja kimya kimya. Haliwashi, haliumi, halitoi usaha. Mara nyingi kinyozi au msusi ndiye anayeliona kabla ya mwenyewe. Ni duara laini, ukubwa wa sarafu, ngozi yake safi kama ya kiganja. Baada ya wiki kadhaa la pili linaweza kuota nyuma ya sikio, la tatu kidevuni. Madaktari huliita alopesia areata. Watu wawili hivi katika kila 100 hulipata wakati mmoja au mwingine wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, weusi kwa weupe. Dunia nzima ililizungumzia Machi 2022, pale Will Smith alipompiga kofi Chris Rock jukwaani kwenye tuzo za Oscar kwa mzaha kuhusu kichwa cha mkewe, Jada Pinkett Smith, mwenye ugonjwa wa kupoteza nywele. Lakini mwanamke wa Rumonge mwenye baka kama hilo hana jukwaa. Ana kitambaa cha kichwa, na maneno ya majirani kwamba amerogwa na mtu, au kwamba ana ugonjwa ule usiotajwa.

Wahindi waliandika kuhusu baka hili zamani mno. Katika Sushruta Samhita, kitabu cha tiba cha kale kinachosomwa hadi leo katika vyuo vya ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, baka hili linaitwa indralupta, na maelezo yake ni ya kina. Pitta, yaani moto wa mwili, ikiungana na vata, yaani upepo, huingia kwenye mashina ya nywele na kuzing'oa. Halafu kapha, ambayo ni uteute, pamoja na damu huziba vinyweleo, nywele mpya zisipate njia. Kwa sababu hiyo tiba ilianza kwa kuzibua: ngozi ya baka ilichanjwa kidogo au kuwekewa ruba, damu ikatoka, ndipo ikapakwa dawa. Watu wetu wa chuku na hijama hawatashangaa. Dawa zenyewe ni nyingi: mafuta yaliyochemshwa na bhringraj, mmea mdogo wa maua meupe unaopenda udongo wa majimaji na unaoota pia mashambani kwetu Afrika, mafuta ya malatyadi, tunda la amla, unga wa mbegu za gunja, ambazo Waswahili wa pwani huziita turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi.

Imo dawa moja iliyonikaa moyoni kuliko zote, nayo ni majivu ya pembe ya ndovu. Waganga wa kale waliichoma pembe hadi iwe mkaa, wakaisaga na kuipaka kwenye indralupta kwa imani kwamba huotesha nywele hata pasipotarajiwa. Sasa zikumbuke njia za ziwa hili. Katika karne ya 19 pembe zilivushwa Tanganyika kwa mitumbwi hadi Ujiji, zikabebwa mabegani kwa watumwa na wapagazi hadi pwani, zikapita Zanzibar, na sehemu yake ikafika Bombay, India. Miaka ya 1980 Bujumbura iligeuka kuwa ghala la pembe linalojulikana duniani kote, ilhali Burundi yenyewe haikuwa na tembo wa kutajika. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 1989. Haiwezi kuwa ajabu ikiwa pembe iliyopitia maji haya iliwahi kuishia kuwa majivu kwenye kichwa cha mtu wa Gujarat, India. Mnyama mzima aliuawa, watu walikufa njiani, na nywele zilizoota huenda zingeota tu bila hayo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na ninaomba msomaji akae hapa nami kidogo. Alopesia areata ni kosa la askari wa mwili wenyewe. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hulizingira shina la unywele kana kwamba ni adui. Unywele hudhoofika mzizini na kukatika. Ukitazama kwa makini pembezoni mwa baka utaona vinywele vifupi vilivyo vinene juu na vyembamba chini. Lakini shina halifi. Limelala tu. Askari wakirudi kambini, nywele huota tena, na kwa watu wengi wenye baka moja au mawili hilo hutokea lenyewe ndani ya mwaka mmoja. Nywele za kwanza mara nyingi huwa nyeupe, kisha hupata rangi.

Fikiria basi kinachotokea. Mtu ana baka, anapaka mise miezi mitano, nywele zinaota. Mwingine anapaka mafuta ya bhringraj aliyoletewa kutoka Dar es Salaam, zinaota. Wa tatu kachanjwa na mganga, zinaota. Wa nne hakufanya kitu, nazo zinaota, lakini huyo hana cha kusimulia. Kila chupa hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Sisemi kwamba wanaosimulia ni waongo. Waliona walichokiona. Kinachokosekana ni kuwalinganisha waliopaka na wasiopaka.

Ulinganisho wa aina hiyo umefanywa mara chache, na matokeo yake hayapaswi kudharauliwa. Huko Aberdeen, Uskoti, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, madaktari waliwagawa wagonjwa 86: kundi moja likasugua kichwani mafuta yaliyotiwa manukato ya mimea kama rozimeri na lavenda, jingine mafuta matupu. Waliopata nafuu kundi la kwanza walikuwa asilimia 44, la pili asilimia 15. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, madaktari wa Baghdad walijaribu maji ya kitunguu, mara mbili kwa siku. Kati ya wagonjwa 23, 20 waliota nywele ndani ya wiki sita. Majaribio ni madogo, lakini yanaonyesha kwamba kitu kinachoichokoza ngozi kidogo huenda kikawavuruga wale askari wakaacha shina. Hospitali kubwa za Ulaya tangu miaka ya 1970 zimekuwa zikipaka kemikali za kuwasha ngozi kwa makusudi, kwa sababu hiyohiyo. Waganga wa Sushruta walipochanja na kupaka vitu vikali, mikono yao ilikuwa karibu na jambo la kweli, hata kama maelezo ya pitta na kapha si ya maabara.

Na mise? Asidi ya lauri, ambayo ndiyo karibu nusu ya mafuta ya nazi, ndiyo pia karibu nusu ya mafuta ya mise. Kikemia mise na nazi ni ndugu wa karibu sana, na nazi ndiyo mafuta ambamo waganga wa jimbo la Kerala, India, huchemshia mimea yao mingi ya nywele. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini yake, jambo ambalo mafuta ya alizeti hayakuliweza. Kwa hiyo bibi wa Rumonge anayemsuka mjukuu wake kwa mise anafanya jambo la maana, wala hana sababu ya kuona chupa yenye picha ya Mhindi mwenye nywele za kufika kiunoni kuwa bora kuliko yake. Lakini mafuta hulinda unywele ulioota. Ugonjwa wa baka uko chini, shinani, na huko mise haijathibitishwa kufika.

Yote hayo ni kama baka ni la alopesia. Mara nyingi silo, hasa kwa mtoto. Mtoto wa shule mwenye mabaka kichwani, yenye magamba ya kijivu kama jivu, yanayowasha, yenye nukta nyeusi pale nywele zilipokatikia, ana mapunye. Hayo ni maambukizi ya kuvu. Hupita kwa mashine ya kunyolea isiyosafishwa, kwa kitana, kwa kofia, kwa mto wanaolalia watoto watatu. Kuvu huyo hujichimbia ndani ya unywele na shina lake, ndiyo maana mafuta hayamfikii, iwe mise, iwe amla, na hata krimu ya dukani peke yake haimtoshi. Mapunye hutibiwa kwa vidonge, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa mfululizo. Ni dawa za zamani, zinajulikana. Akichelewa, baka laweza kuvimba na kutunga usaha, na hapo nywele zinaweza kupotea moja kwa moja. Mama anayempaka mtoto mafuta miezi sita anafanya kwa mapenzi, na ninaiheshimu mikono yake, lakini mtoto anaambukiza wenzake muda wote huo.

Kwa mwanamke, tazama mstari wa nywele pembeni mwa paji la uso. Kama upara umeanzia hapo, sababu huwa ni msuko uliovutwa mno au nywele za bandia zenye uzito. Dawa yake ni kulegeza. Na kwa mtu mzima mwenye viraka vidogo vingi kama nguo iliyoliwa na nondo, daktari ataomba kipimo cha kaswende, naye hakosei.

Turudi kwa mafuta ya Wahindi. Sifa za ayurveda katika Afrika Mashariki zilipanda sana Februari 2022, mwanasiasa Raila Odinga wa Kenya alipotangaza kwamba binti yake Rosemary, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 2017, ameanza kuona tena baada ya matibabu katika hospitali ya macho ya Sreedhareeyam, Koothattukulam, jimbo la Kerala. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliisimulia habari hiyo redioni. Raila mwenyewe alifariki katika mji huohuo tarehe 15 Oktoba 2025, alikokwenda kwa matibabu. Wengi waliosikia habari ya Rosemary waliikimbilia chupa. Wachache waliona kwamba mgonjwa yule alikwenda hospitali, akapimwa, akalazwa chini ya uangalizi. Mganga wa kweli wa ayurveda hushika mapigo, huutazama ulimi, huuliza chakula na usingizi, kisha ndipo atoe dawa. Chupa inayouzwa bila swali hata moja imeacha nusu ya elimu ile nyuma.

Kuna pia hatari ambazo muuzaji hazisemi. Turituri ina sumu ya abrini, ambayo kwa kiasi kidogo sana huua. Mbegu iliyosagwa na kupakwa kwenye ngozi iliyochanjwa ni mlango wazi wa kuingia damuni. Wembe wa kuchanjia ukitumika kwa wawili hupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, kati ya dawa 70 za ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani Boston, Marekani, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hizo zilikuwa dawa za kunywa. Anayemeza ili nywele ziote anaweza kujiharibia figo.

Upande wa hospitali nao si raha tupu. Tangu 2022 zimepatikana dawa za kumeza zinazowatuliza wale askari wa mwili, ya kwanza kuidhinishwa Marekani ikiwa baricitinib, lakini bei yake iko mbali mno na mfuko wa mvuvi wa ndagala. Kinachowezekana ni sindano ndogo za steroidi ndani ya baka, na madaktari wa ngozi ni wachache. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992, huwafunza maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kwa kazi hiyohiyo: kulitambua baka mahali ambapo mtaalamu hayupo. Burundi ingenufaika kwa kuwa na watu wa namna hiyo katika kila hospitali ya wilaya, Rumonge ikiwemo.

Kwa sasa, wewe unayesoma na una baka, au una mtoto mwenye baka: usianze na mafuta. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, mchana, penye mwanga, uvue kitambaa, uulize swali moja tu: hili ni la kuvu au si la kuvu? Likiwa la kuvu, meza vidonge mpaka viishe, na mwambie kinyozi aisafishe mashine yake kwa spiriti. Lisipokuwa la kuvu, kisha daktari akakuhakikishia kwamba si ugonjwa mwingine, paka mise yako kwa amani na usubiri. Turituri na wembe viache.